Kwa Nini Nilimfokea Mzee Juba

Jamani, nimechoka kuulizwa. Tangu nirudi Kitale kila ninayekutana naye ameiona ile video, na kila aliyeiona ana ushauri wa kunipa. Mmoja aliniambia niombe msamaha hadharani. Mwingine akaniuliza kama nilikuwa nimekunywa. Pasta wetu, mtu na heshima zake, alinishika mkono nje ya kanisa akasema ataniombea, nami nikamwambia aiombee kwanza simu yake imletee video nzima. Kwa hiyo naandika mara moja, ninyi marafiki zangu msome, na mtu mwingine akiniuliza nitamwelekeza kwenu.

Video inaonyesha mwanamke Mkenya amesimama katikati ya ukumbi wa hoteli mjini Juba, anamfokea mzee mwenye mvi aliyeshika maikrofoni. Mwanamke ni mimi, Nanjala, mwalimu wa historia. Mzee ni Mwalimu Celestino, aliyenifundisha hiyo historia hapa hapa Kitale alipokuwa mkimbizi. Video inakatika pale hasa mambo yalipoanza.

Wale ambao hamkupita mikononi mwake, jueni jambo moja kabla hatujapanda basi. Kwao ni milimani, mashariki ya Juba. Kabila silitaji, kwa sababu Juba ukitaja kabila watu wanaacha kusikiliza na kuanza kutafuta uko upande gani. Huko walikuwa na mfalme wa mvua. Mfalme huyo alikaa muda mrefu mno. Nyanya yake Mwalimu aliolewa wakati wake, mama yake akazaliwa na kuolewa wakati wake, na Mwalimu mwenyewe akaanza shule wakati wake. Waingereza walikuja wakamkuta, wakaondoka wakamwacha.

Kila mwaka kabla ya kupanda, mfalme huyo alitoka asubuhi, akavua kofia yake ya manyoya, akaketi chini kabisa, mgongo kwenye nguzo ya nyumba yake. Watu wakaja mmoja mmoja kumwambia ubaya wake wa mwaka mzima. Hakuruhusiwa kujibu wala kuinuka. Yakishasemwa yameisha, na hakuna aliyeadhibiwa kwa neno alilolitoa siku hiyo. Aliyeogopwa ni yule aliyebaki na lake moyoni, maana mvua ikikataa walisema ni huyo aliyeifunga. Mwalimu akiwa mdogo alimwona mama yake akimkaripia mfalme kwa sababu mbuzi wa mfalme walikuwa wamemaliza mtama wake. Mfalme alitazama chini tu. Baada ya siku chache akapita kwao, akaomba maji ya kunywa, akapewa, wakazungumza habari za ng'ombe.

Fikra zote za Mwalimu zimetoka kwenye asubuhi ile. Ameandika kitabu kidogo juu yake, ameandika magazetini, amesema redioni, na sisi alitufundisha mpaka tukakariri. Mfalme yule, alituambia, hakudumu kwa sababu aliogopwa. Alidumu kwa sababu kila mwaka watu walimwambia kila kitu usoni, hivyo hakuna aliyehitaji kwenda kunong'ona pembeni na kunoa mkuki. Mimi nimeishi na neno hilo. Nilipoajiriwa nilijaribu siku kama ile shuleni kwetu. Mkuu wa shule alikaa kwenye kiti kwa tabasamu, mwanafunzi wa kwanza akataja wadudu kwenye maharagwe, na siku hiyo ikafutwa palepale. Nilipata barua ya onyo. Niliipokea kwa raha.

Basi Viola, binti yake Mwalimu, aliponipigia kusema kwamba ukoo wa mfalme unafanya kumbukumbu kubwa Juba, wakubwa wa nchi wataketi mbele, na baba yake ndiye msemaji, sikuuliza mara mbili. Nilitaka kumsikia akiyasema mbele ya hao watu. Hilo tu ndilo lililonitoa nyumbani.

Malaba hadi Kampala

Basi lilitoka Nairobi likiwa limeshachelewa, na mimi nilikuwa Malaba nikilisubiri tangu asubuhi kwenye benchi la mama muuza uji. Kila nilipopiga simu walisema liko karibu. Neno karibu kwa watu wa mabasi sijui hupimwa na nini. Lilipofika jua lilikuwa limeshapinda, na dereva, badala ya pole, alituuliza kwa nini tunamchelewesha.

Nilikaa dirishani karibu na mwanamume mnene wa Iganga aliyekuwa akimenya mayai ya kuchemsha na kuniwekea maganda mapajani kana kwamba ni meza yake. Tulipofika pale Namawojjolo wauzaji walilizunguka basi na mishikaki ya kuku na ndizi za gonja za kuchoma, wakiisukuma madirishani. Mshikaki mmoja ukaingia ukatua mkononi mwangu. Nilikuwa na njaa ya siku nzima, nikaung'ata. Kumbe jirani yangu alikuwa ameuagiza kwa ishara juu ya kichwa changu, na ameshalipa.

"Madam," akasema kwa upole mkubwa, "hiyo kuku ni yangu."

Nilimpa nyama iliyobaki. Akaikubali, akaila pale nilipong'ata, halafu akaniambia kwamba Wakenya wote tuko hivyo, tunaingia kwa watu na kuanza kutafuna. Ningemjibu, lakini nilikuwa na kuku mdomoni.

Kampala hadi Elegu

Basi la Juba liliondoka Kampala baada ya saa zake zote kupita, kwa sababu mizigo haikuisha kupakiwa. Juu walipanga magodoro, chini wakapanga kreti za soda, ndani wakaweka chochote kilichobaki, pamoja nasi. Ndipo akaingia Mama Apio, mwanamke Mwacholi mwenye mkahawa wake Hai Mauna, Juba, akiwa na magunia ya mukene, wale dagaa wakavu, akayaweka yote miguuni pangu.

"Wewe toa miguu," akaniambia. "Hii iko chakula ya watu."

"Na mimi je, si mtu?"

"Wewe iko mtu. Lakini wewe hapana nunuliwa."

Tulinuniana mpaka asubuhi, nikiwa nimekunja magoti juu ya magunia na nguo zangu zikinuka dagaa. Pale Karuma basi lilisimama watu wanyooshe viungo, nyani wamejipanga kando ya barabara wakingoja maganda, na Mama Apio akaninunulia chai ya maziwa na chapati iliyoviringishiwa yai bila kuniuliza. Nikala. Nikamwambia ninakokwenda na sababu. Nikamsimulia habari za mfalme aliyeketi chini na watu waliomsema, na mwalimu wangu aliyejengea maisha yake yote juu ya hayo.

Alisikiliza, akapangusa mdomo. "Mimi mtu akinitukana mbele ya watu," akasema, "chakula yangu yeye hapana kula tena. Hiyo mfalme yenu ilikuwa na roho ngumu."

"Ndiyo maana alidumu."

"Ama ilikuwa na watoto wengi ya kulisha. Mtu mwenye watoto anavumilia."

Nilimwona hajaelewa kitu. Nikamweleza tena, kwa sauti ya darasani, hadi Gulu. Aliitikia kila sentensi, kisha nikagundua amelala.

Nimule hadi Juba

Ya mpakani nayaruka, kila aliyewahi kuvuka mpaka anayajua. Baada ya Nimule tuliambiwa tusubiri magari yakusanyike tuondoke kwa msafara mmoja wenye walinzi. Tukasubiri. Joto la pale linamkalia mtu kifuani. Hakuna kivuli ila cha malori, na cha malori kinanuka mafuta. Abiria mmoja alianza kuomba kwa sauti, wa pili akaanza kuuza soksi, na dereva wetu akavua shati akalala chini ya basi kabisa, tukajua hakuna anayeondoka leo mapema.

Askari mmoja kijana alikuja akanikuta nimekaa juu ya jiwe. Aliniuliza kazi yangu. Nikamwambia mwalimu. Mwalimu wa nini? Historia. Akacheka mpaka akaegemea bunduki yake.

"Mama, hapa historia iko mingi," akasema. "Akil mafi."

Chakula hakuna, ndicho alichosema, na kwa kweli alikuwa ananiomba. Nikampa ndizi zangu za Kampala. Akanishukuru vizuri, akala zote amesimama, halafu akanifukuza juu ya jiwe kwa sababu mkubwa wake alitaka kukaa. Hapo ndipo hasira zangu zilipoanza kupanda kweli. Mkubwa huyo alikaa, akatoa simu, na msafara mzima ukangoja amalize kuongea. Magari yote hayo, wagonjwa wamo, watoto wamo, na hakuna aliyefungua mdomo. Hata mimi sikufungua. Nilijiambia kwamba kesho kutwa Mwalimu atasimama mbele ya wakubwa wa aina hii na kuwaambia habari za mfalme aliyeketi chini, na nikaona safari imelipa.

Hai Mauna na Mangateen

Viola alinipokea kwenye stendi. Alikulia kwetu Kenya, Kiswahili chake ni chetu kabisa, na alinikumbatia akasema, "Aki madam, unanuka omena," maana harufu ya dagaa bado ilikuwa nguoni mwangu. Wanakaa Hai Mauna, vyumba viwili na uwanja mdogo, jirani na fundi wa kuchomelea milango ya chuma anayeanza kazi kabla ya jogoo. Mkahawa wa Mama Apio hauko mbali, na kwa siku zote nilizokaa nilikula kwake posho, yaani ugali, na maharagwe, naye kila mara akiniletea sahani aliwaambia wateja kwamba mimi ndiye mwanamke aliyekalia samaki wake.

Mwalimu hakuwepo, alikuwa na kamati ya kumbukumbu. Asubuhi iliyofuata Viola akanipeleka Mangateen, kwenye shule wanayoiendesha yeye na baba yake kwa watoto wa watu waliohama makwao. Mvua ilikuwa imenyesha alfajiri. Shule ni nguzo za miti na turubai juu, na turubai limechoka. Maji yalikuwa yamejaa kwenye matumbo yake, na kila upepo ulipopita yalimwagika juu ya darasa. Watoto walikuwa wamezoea. Walihama kutoka upande huu kwenda upande ule wakiwa wamebeba mawe yao ya kukalia, bila kuacha kuimba jedwali la kuzidisha. Mwalimu wa darasa la kwanza alikuwa anaandika ubaoni kwa mkono mmoja na kushikilia turubai kwa mwingine.

"Tutapata mabati," Viola akaniambia. "Ya shule nzima. Mwenyekiti wa kamati ameahidi. Yako kwenye lori tayari."

"Mungu awabariki," nikasema, nikimaanisha.

Alinigeuzia mgongo. Alichukua ufagio akaanza kusukuma maji nje. Nilidhani amechoka tu.

Malakia, kwenye chai

Mwalimu alinikuta Malakia mchana ule, kwa mama mmoja muuza chai anayeweka viti vya plastiki chini ya mwavuli. Kule kwao hawamwiti Mwalimu, wanamwita Ustaz, na kila aliyepita alimsalimu hivyo kwa mkono kifuani. Amezeeka. Magoti yanamsumbua, alikalia kiti kwa awamu mbili. Lakini macho ni yale yale ya kutafuta nani hajafanya kazi ya nyumbani.

Tulikunywa kahawa ya tangawizi. Tulikula samaki wa mtoni wa kukaanga kwa mikate. Aliniuliza habari za wenzangu wa darasani, mmoja mmoja, hata wale niliokwisha kuwasahau. Kisha akanieleza, polepole, huku akichambua miiba.

Mwenyekiti wa kamati ni mjukuu wa mfalme, jina lake Gordon, mtu wa biashara. Bwana Gordon ameisoma hotuba ya Mwalimu na kuirudisha. Habari za mfalme kuketi chini hazitakuwemo. Habari za kusemwa hazitakuwemo. Wageni wa mbele hawatapenda, watadhani wanasemwa wao. Hotuba mpya imeandikwa, inasema mfalme alidumu kwa sababu watu wake walijua kutii. Mwalimu ataisoma yeye, maana jina lake ndilo watu wanaloliamini, na akimaliza lori la mabati litakwenda Mangateen.

"Na wewe umesemaje?" nikamuuliza.

"Nimesema ndiyo."

Sikumwelewa kwanza. Nilimtazama kama mtoto aliyeambiwa mitihani imefutwa. Halafu nikaelewa, nikasukuma sahani pembeni.

"Mwalimu, hiyo ni kinyume chake. Si kwamba wamepunguza. Wamegeuza."

"Najua kusoma, Nanjala."

"Basi kataa."

"Umefika Mangateen?"

"Nimefika."

"Mfalme amekufa," akasema. "Hanyeshewi. Wale watoto wananyeshewa."

Nilimwambia mengi pale. Nilimwambia kwamba kama neno lake linauzwa kwa mabati, angetuambia mapema tusipoteze ujana wetu tukilibeba. Mama wa chai alihamisha birika lake mbali nami. Mwalimu hakukasirika, na hilo ndilo lililoniudhi zaidi. Aliniomba kitu kimoja: nije ukumbini, nikae kimya. Nikamwahidi. Nilipoahidi nilikuwa nakusudia, na ninyi mnaonijua mnajua huwa nakusudia.

Ukumbini

Hoteli ilikuwa na baridi ya mashine mpaka wanawake wakajifunika. Mbele waliketi wakubwa kwenye makochi, kila mmoja na chupa yake ya maji na kijana wa kumfungulia. Nyuma kabisa, karibu na mlango wa jikoni, walikaa watu waliotoka milimani kwa ajili ya mfalme wao, wazee na bibi vizee wenye lawa, ile nguo inayofungwa begani. Hao hawakuwa na maji. Ukutani palikuwa na picha kubwa ya mfalme. Walikuwa wamemchora upya, wamemvalisha sare na nishani. Nje dirishani lilionekana lori, mabati yamefungwa utepe, limeegeshwa pale wapiga picha walipo.

Bwana Gordon alisema kwa muda mrefu. Kisha akamwita Mwalimu, "mwanafikra wetu," na watu wakapiga makofi ya kweli, hasa wale wa nyuma.

Alisoma vizuri. Sauti yake ni ile iliyotufundisha. Alisema mfalme alitawala miaka mingi kuliko wafalme wote wa milima ile. Alisema hakuna aliyewahi kumpinga. Nilishika kiti. Alisema watu wake walikuwa wakipita mbele yake kimya, macho chini, na kwamba ukimya huo ndio uliowaletea mvua.

Nikasimama. Hamna haja ya kuniambia niliahidi.

Mliyoyasikia kwenye video ndiyo niliyoyasema. Kwamba huo ni uongo. Kwamba yeye mwenyewe alitufundisha mfalme aliketi chini, na mama yake alimsema kwa ajili ya mtama. Kwamba nimegombana na wakuu wa shule maisha yangu yote kwa neno lake, nimekuja juu ya magunia ya dagaa kulisikia, na yeye amesimama pale anasoma karatasi aliyoandikiwa na mfanyabiashara. Kwamba mama yake angemwona angejifunika uso. Sauti mnaijua, ni ya kusimamia wanafunzi wa bweni. Na hapo video yenu inakatika, kwa sababu mpiga picha alisogezwa.

Sasa sikilizeni ambayo hamkuyaona. Mwalimu aliikunja ile karatasi. Alivua kofia yake, akaiweka juu ya meza ya kusemea. Akashika ukingo wa jukwaa, akashuka, akajishusha mpaka sakafuni kwa awamu zake mbili, akaketi, mgongo kwenye meza, akatazama chini. Mgeni mmoja wa mbele alidhani amezirai, akamtuma kijana na maji. Mwalimu akamrudisha kwa ishara ya mkono.

Wale wa nyuma walielewa mara moja. Ukumbi mzima wa mbele unaulizana, na nyuma pamenyamaza kabisa. Bibi mmoja mwembamba akainuka, akapita katikati ya makochi bila kumtazama mtu, akasimama mbele ya Mwalimu na kuanza kusema kwa lugha yao. Viola alikuwa amesogea karibu nami. Akanitafsiria huku uso umemkauka.

"Anasema mume wake alikuwa rika la Baba. Alipozikwa, Baba alikuwa Juba anaongea redioni. Hakuja."

Akaja mzee mwingine, akamwambia kwamba aliwakataza watu kuuza mashamba na la mama yake mwenyewe ameliuza. Akaja mama mmoja, akasema kitabu chake kimewataja wanaume tu. Wakaendelea kuja. Bwana Gordon alichukua maikrofoni akasema huo ni utani wa kizamani, wageni wasijali, na akaamuru muziki. Muziki ukapigwa, wa kutikisa madirisha. Wale wazee wakainama wakamsemea Mwalimu sikioni. Wakubwa wakaanza kuondoka, vijana wao mbele wakifungua njia. Niliwatazama wakipita. Hakuna hata mmoja aliyeuliza maana ya alichokiona. Nilitamani kuwatupia kiti.

Kisha dirishani nikaona lori linawashwa. Mtu alifungua utepe, akaukunja vizuri, akauweka mfukoni. Lori likaondoka na mabati yake, na halikuelekea Mangateen.

Viola aliliona pia. Akaenda akasimama mbele ya baba yake, na yeye alisema kwa Kiswahili, nadhani ili nami nisikie.

"Baba, ilikuwa imebaki aya moja. Aya moja tu. Ungeisoma, ungerudi nyumbani ukaoga. Kesho wale watoto nitawaambia nini? Niwaambie mfalme alikaa chini?" Akanigeukia. "Na wewe madam utapanda basi. Sisi tutabaki na turubai."

Hakungoja jibu. Alitoka nje akakaa kwenye ngazi.

Viti vinakunjwa

Safari ya kurudi sitaisimulia. Nilinuna njia nzima, na aliyenuna haoni kitu. Nimalizie palepale ukumbini.

Wazee walipokwisha kusema walirudi nyuma wakasimama, wakanitazama mimi. Muziki ulikuwa umezimwa. Wahudumu walianza kukunja viti. Mwalimu bado yuko chini. Nikafikiri magoti yamegoma, nikamwendea nimsaidie, na yule bibi mwembamba akanizuia kwa kiganja. Akanieleza kwa Kiarabu cha Juba na mikono, mara mbili, hadi nikamwelewa. Aliyefungua maneno ndiye anayeyafunga. Ni mimi niliyefungua. Mpaka niseme kwamba nimemaliza, kwamba sina kingine moyoni, mzee hawezi kuinuka. Hilo halikuwamo kwenye kitabu.

Na mimi nilikuwa sijamaliza. Nawaambia ukweli, hasira ndiyo kwanza ilikuwa imefika mahali pake. Nilimkasirikia kwa kukubali. Nilimkasirikia kwa kusoma vizuri vile. Nilimkasirikia zaidi kwa kuketi, kwa sababu ameketi na mabati yameondoka, na sasa watoto wale wako juu yangu na juu yake. Kama angeketi tangu mwanzo ningempenda. Kama angesoma mpaka mwisho ningemchukia, na watoto wangepata paa. Alivyofanya alinipokonya yote mawili. Nilikuwa na maneno ya kumweka pale sakafuni mpaka jioni.

Nikasimama mbele yake. Mhudumu akafagia kutuzunguka. Mwalimu alikuwa ameweka kiganja chini ya goti moja akilishikilia. Sakafu ilikuwa ya marumaru na baridi ile ya mashine bado inapuliza. Hakuniangalia. Hakuomba kitu.

"Nimemaliza, Mwalimu," nikasema. "Sina kingine."

Bibi yule akatia kinywani maji ya chupa iliyoachwa na mkubwa mmoja, akayapuliza chini kuyafunga maneno, na wengine wakafanya hivyo hivyo. Wakaondoka kwenda kutafuta gari lao. Nikampa Mwalimu mikono miwili nikamwinua. Ni mwepesi sasa. Alisimama akanishika bega mpaka damu ilipomrudi miguuni, na ndipo alipozungumza kwa mara ya kwanza tangu akunje karatasi.

"Umenidanganya," akasema. "Bado unayo moyoni."

"Magoti yako, Mwalimu."

"Najua." Akachukua kofia yake mezani, akaipangusa. "Basi, mimi kwa mabati, wewe kwa magoti, leo tumeisoma wote wawili, ile hotuba ya Gordon."